Mgeni wa Jioni ya Tano

Taa ndogo ya kijani ilikuwa inacheza kwenye chaneli ya kumi na mbili, na chaneli ya kumi na mbili haikuwa na waya.

Fundi wa sauti wa ukumbi ule, mwanamume mwembamba ambaye kila mtu alimwita Sikio, aliitazama kwa muda, akaigonga meza yake ya sauti kwa kidole, akaitazama tena. Taa ikapanda, ikashuka, ikapanda. Ndivyo taa hizo zinavyofanya mtu anapoongea kwenye maiki. Lakini jukwaani hapakuwa na mtu, na maiki zote zilikuwa bado zimelala ndani ya sanduku lao.

"Mama Msimu," akaita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo uone kitu."

Mama Msimu alikuja na kikombe cha chai mkononi na simu ameibana begani. Jina hilo alipewa kazini, kwa kuwa yeye ndiye aliyepanga msimu wa matamasha kila mwaka: nani aje, apige siku gani, alale wapi, bango lichapishwe lini. Jazi na muziki wa mataifa ndivyo vilivyoupa ukumbi ule jina mjini, na watu walisema bila yeye ukumbi ungekuwa ghala la viti. Aliitazama taa, akaitazama sura ya Sikio, akacheka.

"Mashine imezeeka kama sisi," akasema. "Wapigaji wanafika saa kumi. Nitafutie kitu cha kunitisha siku isiyo na tamasha."

Sikio hakucheka. Alivaa hedifoni, akafungua chaneli ile, akasikiliza. Kisha akazivua polepole, akaziweka mezani, akaenda kuvuta nyaya zake bila kusema alichosikia.

Hapa inabidi tuseme habari ya bango, maana bila bango hakuna kisa. Msimu ule ulikuwa na jioni tano. Nne zilipata wenyewe mapema. Ya tano ilikuwa ya mpiga filimbi kutoka ng'ambo, mzee mwenye sifa zake, ambaye aliugua wiki ileile bango lilipokuwa linakwenda kuchapishwa. Mama Msimu alifanya kile ambacho kila mwenye kazi kama yake hufanya: alishika nafasi. Alimwambia mchapaji aweke kivuli cha mtu mahali pa picha, na chini yake aandike "Mgeni Wetu". Jina angelipata baadaye. Ni ujanja wa kawaida kabisa, tena una faida, kwa sababu watu hupenda kukata tiketi ya kitu wasichokijua.

Siku alipoamua hivyo, binti yake wa mwisho alimfuata jikoni. Nyumbani walimwita Chiriku tangu akiwa mchanga, kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Sasa alikuwa msichana mkubwa, anafundisha watoto wa shule kuimba, na bado hakuwa amenyamaza.

"Mama, nipe mimi ile jioni."

"Ipi?"

"Unaijua. Nina nyimbo zangu mwenyewe, na wapigaji wawili wako tayari. Nisikilize mara moja tu, halafu useme hapana."

Mama Msimu aliendelea kusuuza sahani. "Watu watasema nimegeuza ukumbi kuwa sebule yangu. Watasema umepanda jukwaani kwa mgongo wa mama yako. Subiri, mwanangu. Zamu yako itafika."

"Uliniambia hivyo mwaka jana. Na mwaka juzi."

Mama alichukua sahani nyingine. Aliendelea na sahani zake mpaka msichana akatoka. Ukweli ni kwamba aliogopa. Alijua jinsi watu wa jazi wanavyoweza kumuua mtu kwa kunyamaza tu, akaogopa kumwona mwanawe amesimama kwenye ukimya ule. Na pengine aliogopa zaidi kwamba angeimba vizuri, watu wengine wamchukue, aende zake. Maneno ya watu yalikuwa kisingizio, na moyoni alijua.

Basi nafasi ikabaki wazi. Tangu siku ya kuzindua msimu, kila Mama Msimu aliposimama kwenye maiki alimalizia kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe na kuyapenda: "Na jioni ya mwisho ni ya mgeni wetu. Hatumtaji. Popote alipo anajijua, nasi tunamkaribisha." Watu walipiga makofi na kuanza kubahatisha majina. Mumewe, ambaye ndiye dereva wa gari la kubebea vyombo vya ukumbi, aliyapenda sana maneno yale. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alikuwa akimtania wakirudi nyumbani.

Jioni ya kwanza walipiga watatu: piano, besi na dramu. Walipiga vizuri. Baada ya makofi, mpiga piano alimvuta Mama Msimu kando, jasho bado linamtiririka.

"Yule mnayemweka nyuma ya pazia," akasema, "ana kipaji. Lakini mwambieni asivume wakati wa zamu yangu. Mpigaji akiachiwa nafasi, aachiwe."

"Nyuma ya pazia hakuna mtu."

Mpiga piano alimtazama, akadhani anafichwa siri ya mgeni wa jioni ya tano, akatabasamu. Mama Msimu alienda nyuma ya pazia mwenyewe. Palikuwa na ngazi, ndoo na viti vilivyobebana. Na palikuwa na harufu, kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa mpaka mashina yakaoza. Alitafuta hicho chombo kila pembe asikione, akamlaumu mfanya usafi.

Jioni ya pili alikuwa mpiga saksafoni, pande la mtu, mwenye kifua cha kufua chuma. Wimbo wake wa mwisho ulikuwa wa taratibu, unamalizikia kwenye noti moja ndefu ya chini. Aliishika noti ile mpaka uso ukamwiva, kisha akakitoa chombo mdomoni. Noti ikaendelea. Alisimama pale katikati ya mwanga, saksafoni imening'inia kifuani, mikono miwili hewani, na noti yake ikaendelea bila yeye, laini, haitetemeki, ikazidi kuwa nene kama kwamba aliyeishika hakuhitaji kuvuta pumzi. Watu waliona ni ufundi wa mitambo wakasimama kumshangilia. Sikio, kule kwenye meza yake, alikuwa amezima kila kitu. Hata umeme wa spika alikuwa ameukata.

Mpiga saksafoni hakuuliza swali. Alitoka kwa mlango wa nyuma na chombo chake mkononi bila kukitia kwenye mkoba, akamwambia dereva ampeleke hotelini, na njia nzima akawa anakohoa kama mtu aliyepaliwa.

"Amechoka tu," dereva akamwambia mkewe nyumbani. "Jini gani atasubiri msimu wa jazi? Wenyewe tunaolipwa tunasinzia."

Mama Msimu alijaribu kucheka, kisha akaenda kukagua komeo la mlango.

Kundi la tatu lilikuwa la wanawake saba waliotoka nchi ya milima, waimbaji bila chombo, ambao sauti zao zilikuwa zinajengana tabaka juu ya tabaka. Mchana wa tamasha walipanda jukwaani kujaribu sauti. Waliimba ubeti mmoja, kiongozi wao akainua mkono, wakanyamaza. Wakaanza tena. Akainua mkono tena. Kisha akawaambia wenzake wavae viatu, akashuka ngazi hadi kwa Mama Msimu.

"Dada, hatuimbi hapa," akasema kwa upole. "Sisi ni saba. Jukwaani tuko wanane."

"Ni mwangwi wa ukumbi. Wengi husema..."

"Mwangwi huja nyuma ya sauti. Huyu anakuja pamoja nasi. Mara ya kwanza alikosea pa kupumua. Mara ya pili hakukosea." Alishika mkono wa Mama Msimu kwa mikono yake miwili. "Anajifunza. Sijui anajifunza kwa ajili ya nini, na sitaki kuwa mwalimu wake."

Ilibidi waimbe kwenye uwanja wa nyuma, watu wamesimama, na watu wakasema haijapata kutokea jioni nzuri kama ile. Mama Msimu alisimama miongoni mwao akiwa na baridi ya mwili mzima.

Kesho yake asubuhi Sikio alimwita. Alikuwa amefunga mlango wa chumba chake na kuvuta pazia, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Chaneli ile nimekuwa nikiirekodi," akasema. "Sikukuambia kwa sababu ungeniona mwendawazimu. Sikiliza kwa mpangilio."

Rekodi ya kwanza ilikuwa mvumo tu, kama mtu anayeimba mdomo umefungwa, au kama mtu asiye na mdomo. Ya pili ilikuwa na pumzi: kuvuta, kutoa, kuvuta, kwa pupa, mfano wa mtu aliyepewa mapafu jana. Ya tatu ilikuwa na maneno. Mama Msimu alisikia mstari wa kwanza, na kijasho chembamba kikamtoka, kwa kuwa maneno yale hayakuwa ya wanawake wa milimani, yalikuwa Kiswahili, na sauti ilikuwa ya mwanawe.

"Chiriku alikuja lini hapa?" akauliza.

Sikio aliinamisha kichwa. "Huja asubuhi kabla yako. Mimi ndiye ninayemfungulia. Alisema anataka kujizoeza kwenye ukumbi mtupu, siku utakapokubali asikuaibishe. Nisamehe, mama."

Jioni ile Mama Msimu alimkalisha binti yake kitandani, wakaongea kwa kunong'ona ingawa nyumba ilikuwa yao wenyewe.

"Ukiimba kule, unasikia kitu?"

"Kuna anayeniitikia kiitikio," Chiriku akasema. "Mwanzoni nilidhani ni ukuta. Halafu nikaona ni vizuri, Mama, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa ananisikiliza." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyotaja hali ya hewa, na mama yake akaona afadhali angepigwa kofi.

Jioni ya nne, Mama Msimu alipopanda kutangaza, aliamua kuyaruka maneno yake. Alimkaribisha mpiga nyuzi, akasema asanteni, akageuka aondoke. Ukumbi mzima ukacheka kwa mapenzi, ukadhani amesahau. Kisha mtu mmoja akaanza, wa pili akadakia, wakayasema wote kwa pamoja kama watoto darasani: hatumtaji, popote alipo anajijua, nasi tunamkaribisha. Na makofi yalipokwisha, taa ya kijani kwenye meza ya Sikio ikazimika. Haikuwaka tena usiku ule. Hata harufu ilikuwa imeondoka.

Ndipo Mama Msimu akaenda kwa Mzee Baridi. Mzee huyu kazi yake mchana ilikuwa kutengeneza majokofu, na ile kazi yake nyingine hakuitundikia kibao, lakini wenye shida walimjua. Alimkuta amechutama nyuma ya jokofu, bisibisi mdomoni, akausimulia mgongo wake kila kitu. Mzee alisikiliza bila kugeuka mpaka alipofika kwenye maneno ya kumkaribisha mgeni. Hapo akaitoa bisibisi mdomoni.

"Popote alipo anajijua," akarudia. "Mlikuwa mnamwita nani hasa?"

"Hakuna mtu. Ilikuwa nafasi tu."

"Mama, wenzetu hawa hawaingii mahali pasipo mwaliko. Wengine hukaa nje ya nyumba miaka wanangoja mtu aropokwe. Ninyi mmemwalika kwa bango."

"Jioni ya nne imepita kimya. Pengine ameondoka."

"Amemaliza kujifunza. Sasa anajiandaa, kama msanii mwingine yeyote."

"Nitalifuta tamasha."

"Futa. Atakuja vilevile, akute mlango umefungwa, na mgeni akikuta mlango umefungwa huenda kulala kwa aliyemwita. Nyumbani unakaa na nani?"

Mzee Baridi alijifuta mikono kwa kitambaa, akapunguza sauti.

"Ijaze nafasi. Iwe ya mtu mwenye mwili na jina, aliyeiomba kabla ya wengine wote. Umshike mkono wewe mwenyewe, umtoe mbele za watu, ndipo utaje jina lake. Mkono kwanza, jina baadaye. Akishakaa huyo, yule hana pa kukaa. Aliyeiomba yupo?"

Alikuwepo. Chiriku alipoambiwa alilia, akacheka, akaenda kupiga pasi gauni la bluu. Mama yake hakumficha kitu. "Basi nishike kwelikweli," msichana akasema. "Usinishike kama unavyowashika wageni wako, ncha za vidole."

Jioni ya tano watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Hakuna tamasha lililouzika kama lile la mtu asiyetajwa. Mzee Baridi aliketi mstari wa mbele, sanduku la vifaa vyake miguuni, amevaa koti la harusi. Chiriku alikuwa kwenye chumba cha kuvalia, na wapigaji wake wawili walikuwa wameshakaa jukwaani nyuma ya pazia. Mama yake alimfunga zipu ya gauni, akamwambia akisikia kengele atoke, wakutane pembeni mwa pazia, hatua chache tu kutoka chumbani. Kisha akatangulia, kama alivyotangulia kila jioni ya kazi yake yote.

Sikio alimwongelesha kwa redio ya mkononi. "Mama, leo tuache taa zikiwaka?"

Mama Msimu alisita. Katika ukumbi ule tamasha halikuanza na taa zikiwaka, hata mara moja. Giza kwanza, jina ndani ya giza, kisha mwanga juu ya msanii: yeye ndiye aliyeuweka utaratibu huo, na aliuona ndio adabu ya kazi. Na hii ilikuwa jioni ya mwanawe. Alitaka apate kila kitu walichopata wengine, asipungukiwe hata na giza.

"Zima," akasema. "Siku zote tunazima."

Kengele ikalia, taa zikafa, na ule mnong'ono wa watu mia kadhaa ukashuka ukawa pumzi, na ndani ya giza lile Mama Msimu akanyoosha mkono nyuma yake kuelekea mlango wa vyumba, akangoja, akasikia gauni likichakarisha, na mkono ukatiwa ndani ya mkono wake, mkono wa joto, vidole virefu vya mwanawe, pete yake ndogo pale pale inapokaa siku zote, akaukaza kwelikweli kama alivyoombwa, akauvuta, wakatembea pamoja mpaka kwenye maiki, na kwa sauti iliyotetemeka kwa furaha zaidi kuliko hofu akalitaja jina kamili la binti yake, jina la baba yake na la babu yake, akasema huyu ndiye mgeni wetu, karibu, mwanangu.

Mwanga ukawaka. Alikuwa Chiriku, na gauni la bluu, na kile kipele kidogo kidevuni. Mama Msimu alirudi upande wa pazia akiwa anafuta machozi.

Na aliimba. Yule aliimba mpaka mpiga ngoma wake akasahau kupiga, akabaki kumtazama. Mama Msimu alijiuma mdomo kwa majuto: hiki ndicho alichowanyima watu miaka yote, hiki alikificha jikoni kwa sababu ya maneno ya watu. Alikuwa bado anajilaumu hivyo, wimbo wa tatu uko katikati, ile harufu ya maji yaliyooza ilipompitia puani, akasema moyoni ni maua ya msanii tu, ingawa maua hayakuwa yameletwa, na nyuma yake mlango wa vyumba ukafunguliwa, akasikia nyayo za mumewe anazozijua, na nyayo nyingine nyepesi zinazoburuta, na mumewe akasema kwa sauti ya mtu anayeota, "Mke wangu, nimesikia mtu anapigapiga mlango wa chumba cha kuvalia, ulikuwa umefungwa kwa nje, nimeuvunja," Mama Msimu akageuka, na pale, ameshikwa kwapani na baba yake, katika gauni la bluu lililolowa jasho, vifundo vya vidole vinatoka damu kwa kugonga, alisimama Chiriku.

Chiriku alimtazama mama yake. Akatazama jukwaani, akajiona. Akafungua mdomo apige ukelele, koo likamtutumka, mishipa ikamsimama, na hakuna kilichotoka, kwa kuwa sauti yake ilikuwa kule kwenye mwanga, inaimba.

Mzee Baridi alikuwa ameshapanda ngazi za pembeni. Hakuuliza, alitazama mara moja akaelewa. "Mkono umeushika gizani," akasema kwa kunong'ona. "Haya, maji yameshamwagika. Jina amelipata, na sauti ameichukua. Kimebaki kimoja. Atakuita. Mwenye jina akiitikiwa na mzazi wake amekuwa mtoto wa nyumba, na huyu hapa atakuwa hana kwao. Usiitikie. Hata akilia, usiitikie. Leo wala siku nyingine."

Wimbo ukaisha. Makofi yakapanda mpaka vumbi la dari likaanguka. Yule wa jukwaani akainama vizuri, akageuza uso kuelekea pembeni, akatabasamu.

"Mama," akasema kwenye maiki.

Watu wakacheka kwa huruma. Wengine wakafuta macho.

"Mama, njoo nikushukuru mbele ya watu."

Mama Msimu alimkumbatia mwanawe, akamkandamiza kifuani, akayabana meno mpaka taya likamuuma. Ulimi wenyewe ulikuwa unataka kujibu. Mwanamke aliyelea hajibu kwa kufikiri, hujibu kwa mwili, na kila kiungo chake kilikuwa kinasema naam.

"Mama, mbona kimya? Umeniambia nisubiri, nimesubiri." Sauti ikapasuka. Ikaanza kulia, kilio kilekile cha utotoni, cha usiku wa homa, cha siku ya kwanza ya shule, kimoja baada ya kingine kana kwamba alikuwa amevihifadhi vyote. "Mama, naogopa. Mama, kuna giza. Mama."

Hakujibu. Machozi yalimtiririka yakaingia kwenye nywele za mwanawe, asijibu. Yule wa jukwaani akanyamaza, akamtazama kwa muda mrefu bila chuki, kama mtu anayekariri anwani, na taa zikazima zenyewe. Zilipowaka, maiki ilikuwa inayumba peke yake. Watu walisimama wakashangilia mpaka wakapoteza sauti; waliona ndio mwisho mzuri kuliko yote waliyopata kuona.

Siku zilizofuata simu hazikukoma. Kumbi za miji mingine zilimtaka Chiriku, na Chiriku alikuwa amekaa jikoni bila hata sauti ya kuomba maji. Madaktari walimulika koo lake wakasema ni zima. Mama Msimu aliacha kazi. Nyumbani aliweka amri moja: mtu akisikia sauti ya Chiriku, asiitikie, Chiriku akimtaka mtu atagonga kitu, au aje amguse. Mumewe aliikubali amri kwa kichwa. Lakini yeye alikuwa mtu wa barabara na gari, na haikupita muda akawa amejipatia maelezo yake: mtoto alizimia kwa woga, mwanga wa jukwaani unadanganya macho, aliyeimba alikuwa msichana mwingine aliyefanana naye. Usiku alikuwa anakaa kitandani akimwomba Mungu amrudishie tu ile kelele ya nyumba yake.

Miezi ikaenda. Asubuhi moja ya jua, Mama Msimu alikuwa chumbani anakunja nguo. Nje mumewe alikuwa anaosha gari, maji yanasikika yakipiga bati. Chiriku alikuja kutoka jikoni akasimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni, sura imemjaa mshangao.

"Mama," akasema.

Ilikuwa sauti mbovu, iliyokwaruza, kama mlango uliokaa bila mafuta. Lakini midomo yake ndiyo iliyosogea, na shingo yake ndiyo iliyotetemeka, na Mama Msimu aliiona kwa macho yake. Nguo zikamwanguka. Akafungua mdomo, na lile neno alilolizuia miezi yote likapanda lenyewe.

Jikoni, nyuma ya mgongo wa Chiriku, sauti safi, laini, iliyoshiba, ikaita: "Mama."

Chiriku aliruka hatua mbili akamziba mama yake mdomo kwa kiganja kilicholowa. Wakasimama hivyo, macho kwa macho, povu likimdondoka mama kidevuni, hakuna anayepumua.

"Baba," sauti ikaita.

Kule nje maji yakaacha kupiga bati. Ikawa kimya kidogo tu, kiasi cha mtu kuangusha kitambaa na kugeuka.

"Naam, mwanangu," mumewe akajibu, akilia kwa furaha. "Naam, naam. Nakuja."